Sura ya Tisa: Alichouliza Bawa

Sakerbanu alijiona ukutani, uso wake mkubwa kuliko mlango wa duka lao, na hakusikia kitu moyoni. Si aibu, si furaha, si uchungu. Alijitazama vile mtu anavyomtazama mpita njia: pua ile, macho yale, basi. Ukumbi ulikuwa Soweto, Mbeya. Mapazia yalifungwa ingawa nje ilikuwa saa tisa mchana, na baridi ya mwezi wa sita iliingia pamoja na watu ikakaa nao kwenye viti vya plastiki. Pembeni yake alikaa baba yake, Burhanuddin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa, ambaye yeye humwita Bawa. Na mbele, karibu na projekta, mikono mifukoni, alisimama Shedrack Kalinga, mwandishi wa michezo ya kuigiza, mwanamume ambaye Saker alimpenda kwa siri hadi siku alipokubali kuolewa na mwingine.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uongo mtupu. Hawa wawili walikohoa mwaka mzima juu ya kaunta ya Burhanuddin na hakuna aliyewapa pole. Shedrack alikuwa akipanda basi kutoka Mbeya kuja kumwona mama yake, na kila akifika Iringa nyumba ya mama yake ilikuwa na bawaba iliyovunjika. Akanunua bawaba, akanunua komeo, akanunua tena bawaba. Saker alimfungia misumari kwenye gazeti polepole, Shedrack akaipokea polepole, na vidole vyao havikugusana hata siku moja. Macho ndiyo yaliyofanya kazi yote, na macho hayana pazia.

Kisha likaja hili la filamu. Shedrack alikuwa ameandika michezo ya jukwaani miaka mingi, yote imejaa maneno, hadi akayakinai. Sababu yenyewe alimweleza Saker peke yake. Baba yake mzazi alipigwa na kiharusi akaishi miaka miwili bila kusema, na nyumba nzima kila mtu alidai anajua anachotaka. Mmoja alisema mzee anataka uji, mwingine anataka mchungaji. "Hatukujua kitu," Shedrack alimwambia. "Tulikuwa tunajiona sisi wenyewe usoni mwake." Ndipo akataka kutengeneza filamu fupi isiyo na sauti hata chembe, wala muziki, asubuhi moja ya duka moja ikionyeshwa mara tatu kwa macho ya watu watatu. Akamwomba Burhanuddin duka. Burhanuddin akakubali, maana mteja wa bawaba kama yule hapatikani kirahisi.

Shedrack alikuwa na sharti lake la ajabu. Siku ya kushuti, kuanzia chai ya asubuhi hadi kamera izimwe, hakuna kusema. Si waigizaji tu, kila mtu, na yeye mwenyewe aliongoza kwa mikono. Alisema watu wakianza kuongea nyuso zao hulala. Mwigizaji wake alipopata homa, Saker akaingia mahali pake nyuma ya kaunta, na alifurahi kama mtoto aliyepewa zamu ya kupiga kengele ya shule.

Sasa filamu ilikuwa imefika mara ya tatu. Mara ya kwanza watu waliliona duka kwa macho ya mteja aliyekaa kwenye benchi, na Saker alionekana binti wa Kihindi mwenye maringo. Mara ya pili waliliona kwa macho ya mpanga mizigo juu ya ngazi, na Saker alikuwa mikono na utosi tu. Mara hii ya tatu waliliona kwa macho ya Shedrack mwenyewe: kamera ilikuwa rafuni, ikimtazama Saker usoni moja kwa moja, na Shedrack amesimama nyuma ya kamera. Halafu Bawa akaingia kwenye picha. Hakuwa amepangwa aingie, wala sharti la kimya hakulikumbuka. Alitoka ndani, simu bado iko mkononi, akachota misumari, akaimwaga kwenye mizani, na huku macho yake yako kwenye mizani midomo yake ikacheza.

Ukumbi mzima uliona midomo ile, na ni watu wawili tu waliojua imesema nini. Bawa alisema, kwa Kigujarati cha nyumbani: "Kina Huzefa wa Dar wamepiga simu. Wanataka jibu la posa leo. Kama humtaki, sema sasa hivi. Kama unamtaka, nyamaza." Ndivyo inavyofanyika kwao. Mwali hapayuki kwamba anataka mume. Kimya chake ndiyo idhini yake, na baba mwenye haya humrahisishia hivyo.

Saker alikuwa na neno moja tu la kusema. Aliinua macho kumtazama Shedrack, na Shedrack, ambaye Kigujarati hakijui hata cha salamu, aliona uso umewaka ghafla, uso ambao angeungoja miaka. Akainua kiganja: hivyohivyo, usisogee. Saker hakusogea. Bawa akamaliza kupima misumari, akaenda ndani kupiga simu Dar.

Tangu pale kitu ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Ndugu walileta peremende za Kihindi, akala. Walimpima rida mpya, vazi la kujistiri la wanawake wa kwao, akainua mikono apimwe. Kwa Shedrack aliandika ujumbe kwenye simu: *Nimechumbiwa. Nimekubali.* Shedrack akajibu: *Hongera.* Yakaishia hapo.

Taa ziliwashwa. Bawa alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kanzu yake, akaivaa, akaivua tena.

"Swali moja tu," Shedrack aliwaambia watu. Sauti yake ilikuwa kavu, na aliitazama kila safu isipokuwa ile aliyokaa Saker. "Huyu mzee anamwambia nini binti?"

"Anamgombeza," alisema dada mmoja wa safu ya mbele. "Kachelewa kufungua duka."

"Anauliza chai iko wapi," akasema mwingine, na watu wakacheka.

"Misumari imepungua hiyo. Mtu hawezi kukazia macho mizani vile bure."

"Na binti, yeye anajibu nini?"

"Hajibu kitu, ana dharau."

"Dharau gani, kachoka tu. Hebu mwangalieni."

"Ana mtu anampenda," alisema msichana wa nyuma kabisa, akajifunika uso na mtandio, na hapo kicheko kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Shedrack naye akacheka kidogo. "Sawa. Hakuna jibu la kweli," alisema. "Kila mmoja ameona lake, na ndiyo filamu yenyewe."

Bawa akasimama. Aliweka sawa kofia yake nyeupe yenye mshono wa dhahabu, akawapita watu magoti yao, akatoka bila kumuaga mtu.

Uani kulikuwa na meza ya chai. Mama Yusta, mama yake Shedrack, aliyetoka Iringa jana kuja kuiona kazi ya mwanawe, ndiye aliyekuwa akimimina. Alipomwona Saker hakuuliza, alimpa kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene," akaongeza, salamu ya kwao Iringa. "Kunywa, baridi ya huku haina adabu." Akamtazama akinywa. "Wewe ndiye wa bawaba."

Saker akanywa tena.

"Nyumba yangu ina milango miwili, binti yangu. Bawaba zimejaa kapu. Sikumwuliza, maana nilijua akiniambia itabidi nikatae."

"Kwa nini ukatae, mama?"

"Kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Marehemu alikuwa mzee wa usharika. Ninyi Waislamu, tena Wahindi. Mjukuu nitambatizia wapi?" Alisema bila chuki, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Juzi nikasikia unaolewa. Nikasema nimshukuru Mungu. Nimepiga magoti, na shukrani haitoki. Jana nimefika hapa, mwanangu hali vizuri, na usiku kucha nimemsikia anatembea."

Shedrack alikuwa anakuja. Mama Yusta akamwona, akachukua birika na kwenda nalo upande wa pili, ingawa upande ule hapakuwa na mtu wa kumiminia.

"Umekuja," Shedrack alisema.

"Ulinialika."

"Nilialika watu wengi. Sikudhani mchumba wa mtu ana nafasi." Alijuta kabla hajamaliza, lakini alimaliza. "Huyo Huzefa ni mtu mzuri?"

"Simjui. Anapiga simu, anauliza kama nimekula."

"Na unakula?"

"Nakula."

Walitazamana. Zamani macho yale yangeweza kuchemsha sufuria. Saker aliziona kope zake ndefu, aliona ndevu ambazo hazijanyolewa vizuri chini ya kidevu, aliona koti lile lile la kahawia, na vyote vilikaa mbali naye, upande wa pili wa kioo.

"Sitaki kujifanya mwanaume, Saker," Shedrack alisema. "Uliniua. Ujumbe wa maneno mawili. Nimechumbiwa, nimekubali. Hata kunieleza. Ningejua sina thamani yoyote nisingekusumbua mwaka mzima."

"Nilikubali mbele yako."

"Mbele yangu lini?"

"Umewaonyesha watu wote sasa hivi. Halafu ukawaambia hakuna jibu la kweli."

Shedrack hakuelewa. Saker akamweleza. Alimtafsiria maneno ya Bawa moja baada ya jingine kwa sauti ile anayomwambia mteja kwamba saruji imekwisha, mpaka wiki ijayo. Kabla hajamaliza Shedrack alikuwa ameegemea ukuta.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Neno moja tu. Ningezima kamera."

"Nilikutazama uzime."

"Mimi nilidhani..." Akapangusa uso. "Nimekaa na picha ile miezi yote hii. Kila siku naifungua. Nilidhani unanitazama kwa mapenzi."

"Nilikuwa nakutazama kwa mapenzi. Na nilikuwa naomba msaada. Vyote vilikuwa humo humo. Wewe ukaona kile kinachokuhusu."

Lilimwingia. Uso wake ulibadilika, na kwa kuwa yeye pia ni mtu na si malaika, akakasirika.

"Hata hivyo mdomo ulikuwa wako," alisema. "Usinibebeshe mimi peke yangu. Sharti langu ni la mchezo. Lile lilikuwa maisha yako, Saker. Mtu nyumba yake inaungua atasema sipigi kelele, wenzangu wanarekodi?"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba mdomo ulikuwa wangu. Niliogopa kukuharibia. Watu wote wamenyamaza tangu asubuhi kwa ajili yako, Bawa tu kajisahau, na mimi niongeze? Nikachagua filamu yako. Nilichagua mwenyewe, ndiyo maana siwezi kukuchukia. Tatizo ni kwamba kitu kingine nacho siwezi. Nimekuwa mti tu."

"Nitakwenda kwa mzee sasa hivi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nakupenda." Akatoka ukutani, akasimama wima. "Nakupenda, Saker. Nilitakiwa kukwambia tangu bawaba ya kwanza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Mwandishi mzima, mtu aliyewajazia waigizaji maneno ya mapenzi hadi wakakosa pumzi jukwaani, mwaka mzima hakumwambia mwenyewe. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hawakuwabagua waandishi.

"Hukuwahi kusema," Saker alimwambia.

"Nilidhani unaona."

"Nilikuwa naona. Nilitaka kusikia."

Aliyangoja maneno yale yamguse. Alikuwa ameyangoja usiku na mchana nyuma ya kaunta ile, akijiambia siku atakayoyasikia magoti yatamwishia nguvu. Sasa yamekuja, na magoti yalikuwa mazima. Hilo lilimtisha kuliko ndoa yenyewe.

Bawa alikuwa amesimama kando ya pikapu yake. Bila shaka alikuwa akiwatazama muda wote, maana alipoanza kuja alikuja moja kwa moja, bila kutafuta.

"Shikamoo, mzee," Shedrack alisema.

"Marahaba." Lakini alimtazama binti yake. Alizungumza Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya naye tangu zamani alipokuwa akimfundisha kuhudumia wateja. "Siku ile nilikuwa napima misumari. Sikukutazama. Leo ndiyo nimekuona."

Saker aliinua uso.

"Nimeozesha dada zangu wawili. Nimeozesha mabinti wa kaka yangu. Wote niliwauliza hivyo hivyo, nimeinamisha kichwa, nikidhani ndiyo heshima. Wote walinyamaza." Akakohoa. "Sijui sasa wangapi walikuwa na uso kama ule."

"Bawa."

"Ngoja nimalize. Kina Huzefa wanapanda kuja Iringa Ijumaa. Nakuuliza kwa Kiswahili ili na huyu asikie, asije akatafsiri anavyotaka. Unamtaka?"

"Simtaki, Bawa."

Alidhani ardhi ingepasuka. Haikupasuka. Kwenye meza ya chai mtu aliomba sukari, na gari la viazi likapita barabarani likipiga honi.

"Haya," Bawa alisema. Alionekana mzee ghafla. "Ni kwa ajili ya huyu?"

"Mzee, mimi..." Shedrack alianza.

"Sijakuuliza wewe. Wewe ulikuwepo siku ile, hukuona."

Shedrack akafunga mdomo. Pigo lile lilikuwa la haki, na alilipokea.

"Simtaki kwa sababu simtaki," Saker alisema.

"Na huyu, unamtaka?"

Wanaume wawili walimtazama, na safari hii hakuna aliyekuwa na mizani wala kamera. Saker alijitafuta ndani. Alipita chumba kwa chumba, akigusa kuta, akitafuta kile kitu kilichokuwa kikimfanya aamke saa kumi na moja akiwaza Mbeya. Alikuta kimya na baridi.

"Sijui," alisema.

"Saker," Shedrack akaita, taratibu.

"Sijui, Shedrack. Si kwamba nakukomoa. Huko ndani hakuna mtu wa kumwuliza. Usije Iringa. Usinunue kitu."

"Mpaka lini?"

"Ningejua ningekwambia."

Bawa akamnyooshea Shedrack mkono, wakapeana. "Na mimi nisingekupa," alimwambia. "Nasema leo kwa mdomo, usije ukasema hukuambiwa."

Wakaondoka. Shedrack alibaki pale uani, na mama yake akaja akasimama karibu naye, birika bado liko mkononi. Saker aliwaona kwenye kioo cha pembeni, wakazidi kuwa wadogo. Walipokata kona hakuwaona tena.

Walipita Uyole, wakashuka mlima hadi Igurusi, ambako baridi huanza kulegea. Bawa akaegesha gari kando ya lami, akatoa simu. Saker alijua anampigia nani. Alimsikia akitoa salamu ndefu, akiuliza hali ya kila mtu, akilichelewesha lile alilopigia. Kisha akasema:

"Kosa ni langu. Sikumwuliza binti vizuri."

Upande wa pili mtu alipandisha sauti. Ilisikika hadi nje ya sikio la Bawa, kali na nyembamba, ikitaja kadi zilizokwisha kuchapwa na ndugu waliokwisha kupewa habari. Bawa hakujitetea. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Una haki. Hapana, usimseme binti. Niseme mimi." Akasikiliza hadi mwisho, mkono mmoja umeshika usukani wa gari lililosimama, na alipokata simu mkono ule bado ulikuwa umeukamata usukani kama gari linakwenda.

Saker aliutazama mkono ule. Ndipo kikaanza, chini kabisa ya kifua, kwanza kama sindano moja, halafu nyingi, vile mguu unavyochoma unapoanza kuamka. Akashika mdomo. Haikusaidia. Kilio kilimtoka na sauti, kilio kibaya, cha mtu asiyejali kamasi.

Bawa aligeuka kwenye kiti chake, akamtazama kwa uso mzima.

"Unalilia aibu?" aliuliza. "Aibu nimeichukua mimi. Imekwisha."

Saker akatikisa kichwa.

"Unamlilia Huzefa wa watu?"

"Shedrack," alisema. Jina lilimuuma kulitamka, na maumivu yale aliyatambua, yalikuwa yake. "Namlilia Shedrack, Bawa."

"Si umesema hujui?"

"Sasa najua."

Bawa alimtazama muda mrefu. Kisha akarudisha macho barabarani, akawasha gari. Hakujibu kitu pale Igurusi. Hakujibu Igawa, wala Makambako waliposimama kujaza mafuta, na Sakerbanu, aliyekuwa akilia sasa kama mtu aliye hai, alikaa pembeni yake akikisikiliza kimya kile, bila kuthubutu kubahatisha maana yake.